Je, wajua walijuaje sultani wa Kilwa ni wa lini wakati sarafu zake hazina mwaka?

Shuleni tulikariri miaka tu, Kilwa karne fulani, andika, funga daftari, hakuna aliyetuambia huo mwaka umetoka wapi. Sasa mchukue Ali bin al-Hasan, yule ambaye Tarikh ya Kilwa (kitabu cha habari za watawala wake) inamtaja kama sultani wa kwanza wa ukoo wa Washirazi, aliyekinunua kisiwa kwa vitambaa vya kukizunguka chote. Ukifuata hesabu za tarikh unaangukia karne ya 10. Ila tarikh yenyewe ipo ya Kiarabu na ipo ya Kireno, aliyoichapisha mwanahistoria Mreno João de Barros mwaka 1552, na hizo mbili hazipatani vizuri kwenye majina wala miaka ya watawala. Mwanahistoria hapo hasemi ni uongo, lakini hanakili pia, anauliza kwanza hii iliandikwa lini na kwa kumfurahisha nani, maana iliandikwa zaidi ya miaka 400 baada ya huyo Ali, na wakati huo ukoo wa Washirazi ulishatoka madarakani zamani.

Miaka ya 1960 akaja mwanaakiolojia Neville Chittick, akachimba Kilwa Kisiwani misimu kadhaa. Yeye alikuwa anaangalia sarafu za Ali zinatokea tabaka gani la udongo na ziko na vigae gani vya vyombo vya ng'ambo, akasema hapana, huyu mtu ni wa mwisho wa karne ya 12, yaani kamsogeza mbele miaka kama 200 hivi! Wengi wakakubali, udongo hauna ukoo wa kutetea.

Alafu 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikafukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vidogo vidogo kweli, na nyingine zina jina la Ali bin al-Hasan. Shida ya sarafu hizi za pwani ni kwamba upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtaja Mungu, tena pande mbili zina vina kama shairi (hiyo naipenda sana), ila mwaka hakuna. Bahati nzuri kwenye fungu lilelile kulikuwa na dinari chache za dhahabu za kutoka nje, zikiwemo za Wafatimi, ukoo uliotawala Misri, na hao walikuwa wanapiga mwaka kwenye sarafu. Ya mwisho kabisa ni ya 1066.

Hapo ndo utamu ulipo. Ni kama umekuta kopo la bibi limejaa shanga pamoja na shilingi ya 1966, shanga hazikuambii kitu ila unajua kopo halikufungwa kabla ya 1966. Lingeweza kufungwa baadaye sana? Ndio, dhahabu inarithiwa. Lakini ingekuwa ajabu kusiwe na dinari hata moja ya miaka mia iliyofuata, ndo maana wengi wakamrudisha Ali karne ya 11. Ukibisha kwamba Ali bin al-Hasan ni jina la kawaida na huenda huyu wa Pemba ni mwingine, hoja yako ni halali kabisa, mimi tu naona sarafu zinafanana mno.

Chittick alifariki mwaka huohuo wa 1984.