Je, wajua kwa nini kupatia jibu si sawa na kujua?

Umemwuliza mtu njia ya kwenda Larissa, mji wa Thessalia kaskazini mwa Ugiriki. Yeye hajawahi kufika huko, ila amekisia sawasawa, nawe ukafika salama. Basi amepungukiwa nini akilinganishwa na anayeijua njia? Swali hili limo katika Meno, mazungumzo aliyoyaandika mwanafalsafa Mgiriki Plato karne ya 4 KK, na ili kulielewa inabidi kwanza tupite kwenye mraba.

Meno, mtu wa ukoo tajiri wa Thessalia, anambana Socrates, mwalimu wa Plato: utatafutaje kitu usichokijua kabisa? Hata ukikutana nacho, utatambuaje kuwa ndicho? Socrates anaomba aitwe kijana mtumwa wa Meno ambaye hakufundishwa jiometri. Anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, yaani eneo la futi 4 za mraba. Sasa anataka mraba wenye eneo maradufu, 8. Upande wake uwe futi ngapi?

Kijana hasiti: futi 4. Eneo mara mbili, upande mara mbili. Kosa hili hata leo watu wazima hulifanya, kwa kuwa tunasahau kuwa mraba hukua pande zote mbili kwa pamoja, urefu na upana. Upande wa 4 unatoa 16. Anarudi katikati, futi 3. Inatoka 9, imezidi kwa 1. Hapo anakiri kwamba hajui. Awali Meno alilalamika kuwa maswali ya Socrates humtia mtu ganzi kama samaki fulani wa baharini. Sasa Socrates anamrudishia: ganzi hii imemdhuru nini kijana? Mwanzo hakujua na akadhani anajua. Sasa walau yuko tayari kutafuta. Kwangu mimi huo ndio moyo wa mazungumzo yote.

Chukua karatasi ufuatishe. Chora mraba wa 4 kwa 4, uugawe katika miraba minne ya 2 kwa 2. Katika kila mraba mdogo piga ulalo, yaani mstari wa kona hadi kona, unaounganisha katikati ya upande mmoja wa mraba mkubwa na katikati ya upande unaofuata. Usiupitishe kwenye kitovu, utapata msalaba tu usiofunga eneo lolote. Ukipiga vizuri, milalo minne inafunga mraba uliosimama kwa pembe. Kila ulalo umekata mraba mdogo wenye eneo la 4 nusu kwa nusu, ukaacha 2 ndani. Nusu nne zinatoa 8. Upande uliotafutwa ni ulalo wa mraba wa kwanza.

Urefu wake ni kipeuo cha pili cha 8, karibu futi 2.83, namba isiyoandikika kamili kwa sehemu yoyote. Kijana angekisia sehemu za futi mpaka jioni asiifikie. Ndiyo maana Socrates alimwambia kama hataki kuhesabu, aonyeshe tu.

Kweli, Socrates ndiye aliyeuleta ulalo, na maswali yake yanaongoza mno. Lakini kwamba nusu nne za 4 ni 8, kijana aliliona mwenyewe. Hata hivyo Socrates hasemi kuwa tayari anajua: maoni yake yameamka kama katika ndoto, na yatakuwa maarifa akiulizwa mambo hayohayo mara nyingi na kwa namna nyingi. Plato alieleza hili kwa kudai kuwa roho inakumbuka ilichokijua kabla ya kuzaliwa. Dai hilo waweza kulikataa na mraba ukabaki palepale.

Turudi Larissa. Socrates anafananisha maoni sahihi na sanamu za Daedalus, fundi wa hadithi za Kigiriki, zilizosemekana kutoroka zisipofungwa. Kamba ya kuyafunga ni kufikiri hadi kuifikia sababu. Aliyekisia njia, akitokea mwingine na kumwambia kwa sauti ya uhakika kuwa barabara ni ile ya kushoto, hana cha kumshikilia. Aliyeuelewa mraba akiambiwa jibu ni futi 3, atapiga tena milalo yake na kuhesabu nusu nne.