"Bairn" halikuletwa na Waviking

Nimeambiwa tena kwamba bairn, neno la Kiskoti la mtoto, liliachwa Uskoti na Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia. Hoja ni ileile: Mnorwe, Mdeni na Mswidi wote humwita mtoto barn, basi kesi imekwisha. Haijaisha!

Kufanana si ushahidi wa kukopa. Mswahili husema mwana, Mshona naye husema mwana, na hakuna aliyemkopesha mwenzake. Wote wamerithi kwa bibi mmoja. Ndivyo ilivyo kwa Kigoti barn, Kifrisia cha Kale bern na Kiingereza cha Kale bearn: vyote vinatokana na *barną ya Kigermaniki Asilia, lugha mama ya hizo zote (nyota ni alama ya neno lililokisiwa, lisilopatikana kwenye maandishi), kwenye mzizi wa kubeba na kuzaa.

Tuje kwenye tarehe. Waviking walivamia Lindisfarne, kisiwa cha watawa kaskazini mwa Uingereza, mwaka 793. Nakala ya historia ya mtawa Bede iitwayo Moore, iliyohifadhiwa Cambridge, ni ya mnamo 737. Ukurasa wake wa mwisho una utenzi wa Cædmon, mshairi wa Kiingereza cha Kale, kwa lahaja ya Northumbria, ufalme ambao ulishafika hadi Edinburgh na ambao lahaja yake ndiyo mzazi wa Kiskoti. Humo Mungu anaumba "aelda barnum heben til hrofe": anawaumbia wana wa watu mbingu iwe paa lao.

Hapo mtu hurukia ile a. "Unaona? Ni barn, si bearn, kwa hiyo ni Kinorse, lugha ya Waviking!" Jamani, someni shairi zima. Mstari wa kwanza una uard, mlinzi, ambalo kusini liliandikwa weard. Mbele ya r watu wa kaskazini walibaki mara nyingi na a pale kusini walipotamka ea. Hata til (hapa maana yake "kuwa"), ambalo nalo husingiziwa Waviking, limo humohumo.

Kirk, neno la Kiskoti la kanisa, ni habari nyingine. K zake ni za Kinorse, sibishani.

Kinachonisumbua mimi ni hiki: kwa nini kusini waliliacha bearn wakabaki na child, na kaskazini likadumu? Huenda majirani waliosema barn kila siku ndio waliolitia nguvu. Vitabu vya kiada huchagua upande mmoja na kufunga mjadala, ilhali maneno mawili yaliyokwisha kufanana hivyo huwezi kuyatenganisha kwa maandishi. Naelekea kuamini Waviking walisaidia lisife. Kulileta, hapana.