Nani analia katika shairi la Du Fu?

Wiki iliyopita nilikwama siku tatu kwenye maneno matano.

Natafsiri mashairi ya enzi ya Tang (618–907) kutoka Kichina, na yanayonitoa jasho kuliko yote ni yale ya chun, majira yanayofuata baridi kali. Neno lenyewe halina mwenzake kwetu. Zipo kamusi zinazolipa jina la masika, lakini masika ni matope na mabati yanayopigwa na mvua usiku kucha. Chun ni baridi inayoachia, na miti iliyokaa mitupu miezi kadhaa ikaanza kutoa majani. Mimi huandika "machipuko", nikijua kwamba msomaji wa Tanga atalipokea kwa mbali.

Maneno yale matano yamo katika shairi la Du Fu, mshairi wa enzi hiyo, alilolitunga mwaka 757, akiwa Chang'an. Waasi wa jemadari An Lushan walikuwa wameuteka mji huo mkuu mwaka uliotangulia, na familia yake iko mbali, upande wa kaskazini. Anaanza hivi: nchi imevunjika, milima na mito ipo, mjini ni machipuko, nyasi na miti imeshonana. Ukisoma haraka utadhani anasifu mandhari. Lakini huu ni mji mkuu. Nyasi zikishonana mjini, maana yake hakuna wa kuzikanyaga. Uharibifu hautaji, anakuonyesha kijani tu.

Kisha unakuja mstari wa tatu: gan shi hua jian lei. Neno kwa neno: hisi, nyakati, maua, rusha, machozi. Basi, nani analia? Kitenzi cha Kichina hakibebi kiambishi, kwa hiyo mshairi halazimiki kusema. Mimi nalazimika. Nikiandika "yanatoa machozi", maua ndiyo yanayolia. Nikiandika "nayamwagia machozi", analia mtu mzima aliyeyatazama. Wafafanuzi wa Kichina wenyewe wamegawanyika, na nadhani mgawanyiko huo ndio utamu wa mstari. Katika nchi iliyovunjika, huzuni imeenea hata haijulikani imeanzia kwa nani. Mstari unaofuata una mtego uleule: ndege wanashtua moyo, au wameshtuka wao?

Mwishowe nilikitupa kitenzi: "Kwa uchungu wa nyakati, maua na machozi." Nimepoteza ule mruko wa matone uliomo katika jian, na bado unaniuma. Ila swali limebaki wazi.

Mambo mengine ya machipuko yana njia ya mkato. Mti wa liu, wenye matawi yanayoning'inia hadi majini, jina lake linakaribiana kwa sauti na kitenzi cha kubaki, liu cha toni nyingine. Ndiyo maana watu walikuwa wakivunja kitawi chake na kumpa msafiri. Wang Wei, mshairi mwingine wa Tang, anapomuaga rafiki anayekwenda mpaka wa magharibi, anataja kwamba mti huo ulio nje ya nyumba ya wageni una rangi mpya. Hapo tanbihi moja inatosha.

Mvua ndiyo inayotupendelea. Miaka minne baada ya Chang'an, akiwa Chengdu, Du Fu anaisifu mvua njema inayojua majira yake, inayonyemelea na upepo usiku na kulowesha vitu bila sauti. Hiyo ni manyunyu, na mkulima yeyote aliyewahi kuingoja mvua ataielewa bila mimi kueleza.

Sasa nipo kwenye shairi la Meng Haoran, naye wa Tang. Amelala mpaka kumekucha, anasikia ndege kila upande, anakumbuka upepo na mvua ya usiku. Kitandani hatoki, machipuko yote anayapata kwa masikio. Anamalizia: hua luo zhi duo shao, maua, anguka, jua, kiasi gani. Nilijiandaa kugombana tena na viambishi, kumbe safari hii ngeli imenibeba: "Yameanguka mangapi?" Neno maua halimo, na bado yanaonekana yametapakaa chini.