Msamaha bila mwamuzi: namna ninavyoisoma Gravel Heart

Ninafundisha riwaya, na katika riwaya zote za Abdulrazak Gurnah hakuna inayowagawa wanafunzi wangu kama Gravel Heart, yaani moyo wa changarawe. Wengi waliijua Peponi kwanza, hasa baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Hii ya mwaka 2017 imetulia zaidi, ila inauma.

Msimulizi ni Salim, mtoto wa Zanzibar. Ana miaka saba baba yake, Masud, anapohama nyumbani na kwenda kuishi katika chumba nyuma ya duka. Ugomvi hakuusikia, na talaka haikutolewa. Mama yake, Saida, anaendelea kumpikia mumewe na kumpelekea chakula kila siku kwenye kikapu, na baadaye kazi hiyo anaachiwa Salim. Anakabidhi kikapu, anapokea vyombo vya jana, anarudi zake.

Huwa nawaomba wanafunzi wasikimbilie London, anakokwenda Salim baadaye, wakae kwanza na hicho kikapu. Mke ambaye mumewe kamhama bado anampakulia. Mume aliyeumia kiasi cha kuiacha nyumba yake bado anakula chakula cha mkono ule ule. Majirani wanaona fedheha. Mimi naona watu wawili waliobakiwa na lugha moja tu ya kusemezana, na mtoto anayeibeba lugha hiyo barabarani bila kuielewa.

Sasa nafichua siri ya kitabu, kwa hiyo asiyetaka kuijua asome kwanza riwaya yenyewe. Amir, mdogo wake Saida, alitiwa ndani kwa sababu ya uhusiano na binti wa familia ya wakubwa. Kaka wa binti huyo, Hakim, alikuwa na madaraka serikalini, na bei aliyoitaka ili Amir atoke ilikuwa mwili wa Saida. Saida akailipa. Hakim hakutosheka, mambo yakaendelea, na akazaliwa Munira.

Anayemjua Shakespeare atakuwa ameshtuka. Wasomaji wa Kiswahili tulikaribishwa kwake na Mwalimu Nyerere, kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, lakini tamthilia inayohusika hapa ni Measure for Measure. Humo Angelo, aliyeachiwa madaraka na Mtawala wa Vienna, anamtaka Isabella kwa bei hiyo hiyo, ili kaka yake Claudio asikatwe kichwa. Hata jina la riwaya limetoka humo, katika tendo la nne, pale Mtawala anapomsema mfungwa mmoja sugu.

Tofauti ndiyo inayonishika. Kwa Shakespeare, Mtawala yuko karibu muda wote, amejibadilisha mavazi. Anapanga mwanamke mwingine aende kwa Angelo gizani, na mwisho anasimama mbele ya watu na kugawa misamaha na ndoa. Gurnah amemwondoa Mtawala. Baba yake Saida aliuawa katika Mapinduzi ya 1964. Binti huyo aliyekwisha kupoteza mzazi angepeleka wapi malalamiko yake? Aliye juu ndiye anayemdhulumu. Basi kosa lote linarudi ndani ya nyumba, kwa watu wasiojua pa kuanzia kulizungumza. Wakafunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hakupita.

Gharama akaibeba Salim. Amir, ambaye sasa ni mwanadiplomasia, anamchukua London akasome biashara, na mtoto hajui kwamba anafadhiliwa na mtu anayedaiwa na mama yake. Namhukumu Amir kuliko Hakim, najua si wote watakaokubali. Hakim ni dhalimu na hajifichi. Amir aliokolewa, akanenepa, na hakupata kuutamka wema aliotendewa. Salim naye anamwandikia mama barua nyingi asizozituma, hadi mama anafariki kabla hawajaelezana.

Ndipo Masud, aliyekuwa amehamia Kuala Lumpur kwa baba yake, anarudi Zanzibar na kumsimulia mwanawe kisa chote, usiku kwa usiku. Kwa Saida maneno hayo yamechelewa. Kwa Salim hayajachelewa, na nadhani kumsimulia ndiyo namna ya Masud ya kumtaka radhi mwanawe. Kama alimsamehe mkewe? Nionavyo, hakuwa na kinyongo naye kwa muda mrefu. Alichoshindwa ni kujisamehe mwenyewe kwa kutoweza kumkinga. Kukila chakula chake kila siku bila kumtazama usoni ni kitendo cha mtu mwenye haya.

Mhusika ambaye wanafunzi humpita haraka ni Munira. Ni binti wa Hakim, ushahidi hai wa dhuluma ile, na ni dada yake Salim. Salim anaporudi hamfanyi alipe deni la baba yake. Wanaongea kama ndugu wawili waliofiwa na mama mmoja. Hakuna aliyeomba msamaha katika kurasa hizo, na ndizo ninazowataka wanafunzi wangu wazisome mara mbili.