Je, wajua kwa nini siri huuchosha mwili?

Kila Desemba mabasi kutoka Dar es Salaam huingia Moshi yamejaa Wachaga wanaokwenda kula Krismasi nyumbani. Huko Kibosho na Rombo mbuzi anachinjwa, mbege inazunguka, na shangazi hakosi kuuliza: "Baba, mkwe tunamwona lini?" Wengi hucheka yakaisha. Kijana anayependa wanaume wenzake, au binti anayependa wanawake wenzake, amekuwa akiliogopa swali hilo tangu Novemba. Hakuna aliyempiga wala kumtukana, kwa sababu hakuna anayejua. Mbona basi usiku halali, na tumbo linamsumbua?

Ana kazi isiyo na likizo, ya kujilinda. Kiswahili humsitiri kidogo, maana "yeye" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Lakini swali la pili huwa "anaitwa nani?", na hapo inabidi atunge jina, kisha alikumbuke tena Pasaka ijayo.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila akiwajia akilini. Kengele zililia mara kwa mara. Ili uepuke wazo, akili lazima iendelee kuchungulia kama limerudi, na kule kuchungulia ndiko kunakolirudisha. Utafiti wa Michael Slepian na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha pia kwamba kinachomuumiza zaidi mwenye siri ni kuirudia akilini akiwa peke yake, kuliko hata kuificha mbele za watu.

Mwili nao hukaa macho. Adrenalini na kotisoli ni homoni za kutuokoa kwenye hatari ya muda mfupi. Zikikaa juu miezi na miaka, usingizi hukatika, shinikizo la damu hupanda, na sonona hupata njia.

Je, mapenzi yenyewe ndiyo ugonjwa? Hapana. Shirika la Afya Duniani liliyaondoa kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Mtafiti Ilan Meyer alieleza mwaka 2003 kwamba huu ni msongo wa ziada, unaobebwa juu ya ule wetu sote wa ada, kodi na ajira. Sehemu yake nzito, kwangu, ni pale sauti ya nje inapohamia ndani. Mtu anaimba kwaya Jumapili, anasikia mahubiri yanayomhusu, na kufikia jioni anajihukumu mwenyewe bila kusaidiwa na mtu.

Hospitalini hasemi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu kujamiiana "kinyume na maumbile", kinataja kifungo cha miaka isiyopungua 30, hadi maisha. Kwa hiyo anataja tumbo tu, anapewa dawa za tumbo, na mwezi ujao yuko tena kwenye foleni.

Nyumbani je? Caitlin Ryan na wenzake, katika utafiti wa vijana wa California wanaopenda watu wa jinsia yao, uliochapishwa mwaka 2009, waliona kuwa waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema waliwahi kujaribu kujiua, kuliko wale ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Shangazi wa Kibosho anaweza kuanza Desemba hii kwa swali jingine: "Baba, mbona umekonda? Unalala?"