Ufa wa muhuri kwenye heller 20 za Tabora

Anayetaka kujifunza kutambua ufa wa muhuri, yaani alama inayoachwa kwenye sarafu na chuma cha kupigia kilichopasuka, namshauri aanze na heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya koloni la Wajerumani, sehemu ya rupia. Ni sarafu ya kwetu, bado inapatikana, na mihuri iliyoipiga iliteswa kweli kweli. Wakati huo pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza, na sarafu kutoka Ujerumani haziji tena. Wajerumani wakafungua kiwanda cha dharura kwenye karakana ya reli, Tabora. Humo zikatoka rupia 15 za dhahabu zenye tembo, heller 5 za shaba ya manjano, na heller 20 za shaba nyekundu au ya manjano. Heller 20 peke yake zilizidi milioni moja, zote kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916. Katika mazingira ya vita namna ile, muhuri uliopasuka haukutupwa. Uliendelea kupiga.

Muhuri ni kipande cha chuma cha pua kilichochongwa picha kwa kinyume: penye shimo kwenye muhuri, sarafu huinuka. Chuma kikikazwa kupita kiasi hakipindi, hupasuka. Ufa huanza mara nyingi ukingoni, au hufuata mitaro ya herufi. Kila kipigo husukuma shaba ndani ya ufa huo, na sarafu hutoka na uzi mwembamba ulioinuka.

Basi jambo la kwanza ni kuuliza: mstari umeinuka au umezama? Mkwaruzo wa kisu au wa mchanga huzama. Ufa wa muhuri huinuka, bila ubishi. Lenzi ya sonara inatosha, lakini mwanga utoke ubavuni. Ukimulika kutoka juu, macho hudanganyika na bonde huonekana mlima. Geuza sarafu polepole na utazame kivuli kinaangukia upande gani.

Muhuri ukizidi kutumika, kipande cha ukingoni humeguka na kudondoka. Hapo sarafu hupata uvimbe mtupu kwenye ukingo, hauna herufi wala nakshi, na hapa ndipo wauzaji wengi huchanganya mambo. Sarafu iliyogongwa na nyundo nayo huvimba ukingoni, ila shaba yake imesukumwa, na pembeni yake utakuta bonde au herufi zilizopinda. Penye mmeguko herufi hazipindi. Zinakoma tu pale uvimbe unapoanza.

Kisha geuza upande wa pili. Huu ndio ushahidi ninaouamini kuliko wote. Shaba iliyokimbilia kujaza pengo la muhuri mmoja haikubaki ya kutosha kujaza nakshi za muhuri wa pili, kwa hiyo mkabala kabisa na uvimbe, nakshi hufifia. Nimeonyeshwa uvimbe wa risasi ya kulehemu uliopakwa rangi kwa ustadi mkubwa. Upande wa nyuma, herufi zilikuwa kali kila mahali. Hiyo siinunui. Mizani haisaidii sana hapa, maana uzito wa heller za Tabora hutofautiana hata kwa zilizo sahihi. Na tafadhali, usiisugue sarafu kwa limau wala majivu ili uione vizuri. Unafuta rangi ya miaka mia moja, na ufa mwembamba unaweza kwenda nayo.

Kuhusu bei: nyufa nyembamba kwenye heller 20 ni za kawaida, sioni sababu ya kuongeza hata shilingi. Mmeguko kamili wa ukingoni, wenye nakshi zilizofifia nyuma yake, huo ninaulipia kwa moyo mweupe.

Kinachonivutia zaidi ni kuzilinganisha. Tenganisha kwanza aina: taji kubwa au dogo, herufi L za neno HELLER zenye ncha zilizopinda au zilizochongoka. Kisha, ndani ya aina moja, tafuta sarafu zenye ufa unaopita mahali pale pale, ukikata herufi zile zile. Hizo zimetoka kwenye muhuri mmoja. Yenye uzi mfupi ilipigwa mapema, yenye uzi uliofika ukingo wa pili ilifuata, na yenye mmeguko ni ya mwishoni. Hivyo ndivyo unavyoweza kuzipanga kwa zamu zilivyotoka kwenye mashine, ingawa zote zimeandikwa 1916.