Mkaratusi: jani, mafuta na yale tunayoambiana

Baridi inapoingia Njombe na Mufindi, kuanzia Juni hadi Agosti, si ajabu ukaamka asubuhi na kupokewa na harufu ya mkaratusi kabla ya harufu ya chai. Majani mabichi hutumbukizwa kwenye sufuria pamoja na mchaichai na vipande vya limau, kisha mwenye mafua akafunikwa shuka na kuambiwa avute pumzi kwa nguvu. Mimi nimekulia chini ya shuka hilo na ninaupenda mti huu, ndiyo maana yananiuma maneno mengi yanayosemwa juu yake bila uhakika, kwa kuwa baadhi yake humfikisha mtoto hospitalini. Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba jina moja tumelibebesha vitu vitatu, yaani jani, mafuta yanayotolewa kwenye majani kwa mvuke, na vidonge vya kiwandani, ilhali nguvu za vitu hivyo hazikaribiani hata kidogo.

Dhana: Mkaratusi wowote ni dawa

Asili ya mikaratusi ni Australia, na aina zake zinazidi 700. Mafuta ya tiba kwa kawaida hutokana na aina chache zenye kemikali iitwayo sineoli kwa wingi, hasa *Eucalyptus globulus*, na vitabu vya viwango vya dawa vya Ulaya hutaka sineoli isipungue asilimia 70 ya mafuta hayo. Mikaratusi mingi tunayoiona Afrika Mashariki ilipandwa kwa ajili ya nguzo za umeme, mbao na kuni za viwanda vya chai, hivyo ilichaguliwa kwa unyoofu wa shina na wepesi wa kukua, si kwa ubora wa mafuta ya majani yake. Jani la mti ulio nyuma ya nyumba yako linaweza kunukia vizuri na bado likawa na sineoli kidogo mno, au likawa na mchanganyiko mwingine kabisa wa kemikali. Kwa hiyo mtu anayekuandikia kipimo cha "majani saba asubuhi na jioni" bila kujua ni mkaratusi gani anakisia tu.

Dhana: Pua ikifunguka, ugonjwa unatoka

Ukivuta harufu ya mkaratusi unahisi ubaridi unaopanda hadi kwenye paji la uso, na pumzi huonekana kupita bila shida. Hisia hiyo ni ya kweli, lakini njia ya hewa huenda isiwe imepanuka. Mwaka 1983 watafiti nchini Uingereza walipima upinzani wa hewa puani kwa watu waliovuta mvuke wa kafuri, mkaratusi na mentoli, wakaona kwamba upinzani haukubadilika, ila wahusika walihisi hewa inapita vizuri zaidi. Kinachoguswa ni neva za pua zinazotambua ubaridi. Hilo si jambo la kudharau, kwa maana mtu mwenye mafua akihisi nafuu anapata usingizi, na unyevu wa mvuke wenyewe hulainisha kamasi. Kosa ni kuichukua nafuu hiyo kuwa ni tiba, kisha kumwacha nyumbani mtu mwenye homa kali, anayehema kwa shida au anayekohoa damu, kwa sababu tu "alipofukizwa alipata ahueni".

Dhana: Nyungu inaua virusi

Wakati wa janga la Uviko-19, mwaka 2020 na 2021, kupiga nyungu kulienea Tanzania kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba joto la mvuke linaunguza virusi, lakini virusi vya mafua na vya Uviko-19 huzaliana ndani ya chembe hai za pua, koo na mapafu, na joto la kuviua humo lingeunguza kwanza chembe zenyewe. Mwaka huohuo wa 2020, madaktari wa hospitali ya watoto mjini Birmingham, Uingereza, waliripoti ongezeko la watoto walioungua kutokana na kujifukiza. Ajali hizi hutokea kwa namna inayofanana: chombo kimewekwa mapajani au juu ya kigoda kinachoyumba, mtoto anashtushwa na joto, anarusha mguu, na maji yanayochemka yanamwagika ndani ya shuka ambalo hawezi kulitoka kwa haraka.

Mtu mzima anayetaka kujifukiza aepue sufuria kwanza, aiweke mahali palipo imara, asubiri dakika chache, kisha afumbe macho na kukaa mbali kiasi cha urefu wa rula ya shule. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Jiko la mkaa lisiingizwe chini ya shuka wala kuwekwa katika chumba kilichofungwa, maana gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu na huua. Mwenye pumu awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa harufu kali inaweza kumbana kifua badala ya kumfungulia.

Dhana: Ni kitu cha asili, hivyo hata kunywa mafuta yake hakudhuru

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiende mbio. Kichupa cha mafuta ya mkaratusi ni kidogo, pengine cha mililita 10, na harufu yake ni ya kirafiki, kama ya pipi ya kikohozi. Lakini kilichomo ni mafuta ya majani mengi sana yaliyokusanywa mahali pamoja. Kiasi kinachojaa kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kimewahi kusababisha sumu kali kwa watoto, na hata kiasi kidogo zaidi ni cha hatari. Dalili zinaweza kuanza ndani ya nusu saa: kutapika, kuyumba, usingizi usio wa kawaida, degedege, na kupoteza fahamu.

Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu mafuta yanaporudi juu yanaweza kuingia mapafuni na kuleta madhara mapya. Maziwa si dawa ya sumu hii, na kuyatafuta hukuchelewesha. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama bado anacheza, na ubebe kichupa chenyewe ili mhudumu aone alichokunywa.

Wapo wanaojibu kwamba wazungu humeza mkaratusi na hupona. Ni kweli kwamba Ujerumani ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, ambapo wagonjwa 32 wa pumu waliotegemea dawa za steroidi walifuatiliwa kwa wiki 12, baadhi yao wakipewa miligramu 200 za sineoli mara tatu kwa siku, na waliopewa sineoli waliweza kupunguza steroidi zaidi ya wenzao. Ila waliyomeza ilikuwa sineoli iliyosafishwa na kupimwa ndani ya vidonge, chini ya uangalizi wa daktari. Matone yaliyomiminwa kwenye kikombe cha chai hayana uhusiano na kipimo hicho.

Dhana: Mtoto mchanga mwenye mafua apakwe puani

Asipakwe. Mafuta haya, na marhamu za kifuani zenye mkaratusi, kafuri au mentoli, yakiwekwa puani au karibu na pua ya mtoto wa chini ya miaka miwili yanaweza kusababisha koo kujikaza ghafla na pumzi kukatika. Kwa mtoto huyo, matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, kunyonya mara kwa mara na kufutwa kamasi taratibu ni salama zaidi. Mtu mzima anayetaka kujipaka ayazimue kwanza: matone kama 12 katika vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, ajaribu sehemu ndogo ya mkono, na asiyafikishe machoni.

Dhana: Unashusha sukari

Majaribio mengi yanayotajwa yalifanywa kwa panya. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake kwa ajili hiyo.

Dhana: Ukipanda mkaratusi nyumbani, mbu na malaria hukimbia

Imani hii ina umri mrefu. Katika karne ya 19 mikaratusi ilipandwa kwenye mabwawa karibu na Roma kwa kuaminiwa kwamba harufu yake husafisha hewa inayoleta homa, kabla Ronald Ross hajaonyesha, mwaka 1897, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Kama mti ulisaidia popote, ni kwa kunyonya maji ya kinamasi, si kwa kunukia. Ipo aina moja, mkaratusi wenye harufu ya limau, ambayo majani yake hutengenezwa kiungo cha kufukuza mbu kiitwacho PMD, na taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, inakikubali kikiwa katika bidhaa iliyosajiliwa, lakini si kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Mafuta ya kawaida ya mti huohuo hayana PMD ya kutosha na huruka upesi kwenye ngozi, kwa hiyo anayeyapaka jioni bado anahitaji kulala ndani ya chandarua chenye dawa.